Akiba iliyooza shavuni: hamsta aliyevimba na uyoga wa bustanini

*Swali: Binti yangu ana hamsta wa dhahabu wa mwaka mmoja. Tangu Jumamosi usiku shavu lake la kulia limevimba kama ameficha njugu, na leo Jumatatu bado halijapungua. Kidevu kimelowa mate, na nikimsogeza karibu nasikia harufu mbaya. Anachukua chakula kisha anakiacha. Hulala kwenye pamba, na binti humpa vipande vya chapati na tende. Jumamosi hiyo mchana alitolewa kucheza kwenye nyasi, na tangu mvua zianze nyasi zetu zimejaa uyoga mweupe mkubwa. Je, ni uyoga uliomdhuru? Nina amoksilini ya maji iliyobaki mtoto alipougua. Nimpe matone mangapi? Na huo uyoga, unalika? (Mama, Lang'ata, Nairobi)*

Dada, usimpe hata tone moja. Utumbo wa hamsta unategemea bakteria wake wa kawaida, na amoksilini huwafagia. Ampisilini, penisilini, linkomisini, klindamisini na erithromisini nazo ni hivyo hivyo. Wakishatoweka, uwanja unabaki kwa bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye sumu yake huleta kuhara kukali, na mara nyingi mnyama hufa katika siku chache huku kidonda cha shavuni kikiwa kinaelekea kupona. Kupunguza matone si kinga. Na usiende duka la dawa za mifugo kuomba "antibiotiki ya wanyama wadogo" bila daktari kumwona, maana ya kuku na ya mbwa mara nyingi ni hizo hizo kwa jina lingine.

La pili, apelekwe kwa daktari wa wanyama leo. Uvimbe uliopita saa 24, mate na harufu ya kuoza vikikutana, kazi ya nyumbani imekwisha. Pale Kabete, kwenye Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna madaktari wanaofundisha tiba ya wanyama wadogo. Ukienda kliniki nyingine, piga simu kwanza uulize kama wanaweza kumpa hamsta nusukaputi ya gesi. Kliniki iliyozoea mbwa na paka pekee inaweza isiwe na barakoa ndogo ya kumtosha.

Kuhusu uyoga, kwa dalili ulizoeleza sioni kuwa ndio chanzo. Uvimbe wa upande mmoja wenye harufu una mshukiwa wa karibu zaidi: tende, chapati na pamba. Lakini swali la uvimbe na swali la uyoga yanakutana ndani ya shavu hilo, kwa hiyo nianze na jinsi shavu linavyofanya kazi.

Hamsta ana mifuko miwili ya mashavuni, kulia na kushoto. Kila mmoja huanzia ndani ya mdomo, hupita chini ya ngozi na kurudi nyuma hadi kuvuka bega. Ukijaa sana hukaribia nyonga. Ukuta wake ni mwembamba na hutanuka sana, na ndani ni mkavu kuliko mdomo, kwa sababu kazi yake si kutafuna wala kumeng'enya bali kubeba. Mwishoni kuna msuli uliojishika mgongoni, ambao huurudisha mfuko mahali pake baada ya kumwagwa. Kumwaga kwenyewe hufanywa kwa mikono: mnyama husukuma kwa viganja kutoka nyuma kwenda mbele, na punje hutoka moja moja kwenye kiota.

Mfumo huu uliumbwa kwa mbegu kavu na laini za nyikani. Hamsta wa dhahabu asili yake ni Syria, na karibu wote wanaofugwa leo ni wazao wa familia moja iliyochimbuliwa karibu na Aleppo mwaka 1930. Kule hakuna tende iliyotolewa kokwa wala chapati ya mafuta. Tende hugandamana na ukuta mkavu. Chapati, mkate na ugali hulowa kwa unyevu kidogo wa mdomo, kisha hugeuka donge lisilosukumika. Siagi ya karanga ndiyo mbaya kuliko vyote, kwani inafunika ukuta wote kama gundi. Pamba nayo ina kosa lake: nyuzi zake ndefu hujisokota na mate na kuwa kamba, na hamsta hubeba vifaa vya kiota mashavuni kama anavyobeba chakula. Nyuzi hizo zinaweza pia kujifunga mguuni hadi damu isipite. Sisi tumezoea kusema akiba haiozi. Ya hamsta huoza, na huozea ndani ya nyama yake.

Donge likikaa, ukuta wa mfuko huchubuka, bakteria huingia, na usaha huanza. Hapo ndipo harufu inapotoka, na ndiyo maana anakishika chakula na kukiacha. Njaa anayo, kinachomzuia ni maumivu.

Kabla hujatoka nyumbani kuna mambo machache ya kuangalia, na yatamsaidia daktari. Mpime kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli, uandike gramu. Hamsta wa dhahabu mzima huwa kati ya gramu 100 na 150 hivi, wengine zaidi. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake wa kawaida, hali ni nzito. Angalia meno ya mbele kwa tochi: ya chini ni marefu kuliko ya juu, rangi yake ya manjano ni ya kawaida, lakini yasiwe yamepinda au jino moja limevunjika. Meno hayo hayaachi kuota, na jino lililopinda linaweza kuchoma shavu. Linganisha macho. Jicho la upande wa uvimbe likitokeza au kutoa machozi mazito, mweleze daktari mapema, maana huenda jipu limefika nyuma ya jicho au kwenye mizizi ya meno.

Papasa uvimbe kwa kidole kimoja, polepole. Ukihisi punje zinazosogea, ni chakula. Ukihisi joto na kitu kigumu kilichovutika, naye akaruka kwa maumivu, shuku jipu. Uvimbe mgumu usiosogea, ulioongezeka kwa wiki kadhaa hata mfuko ukiwa mtupu, unaweza kuwa saratani, hasa kwa hamsta aliyepita mwaka mmoja na nusu. Usiukamue uvimbe wa aina yoyote. Jipu likipasukia ndani, usaha huenea chini ya ngozi.

Msafirishe kwenye kisanduku kidogo chenye karatasi za shashi zilizochanwa, mahali penye joto, na kipande cha tango badala ya chupa ya maji inayovuja njiani. Usimnyime chakula kabla ya nusukaputi kama wafanyavyo kwa mbwa. Panya na jamaa zake wote hawawezi kutapika, na mnyama mdogo namna hii akikaa na njaa sukari yake ya damu hushuka upesi. Daktari atakachohakikisha ni kwamba mashavu yamekaguliwa mara tu mnyama anapolala, ili chakula kisirudi na kuingia kwenye njia ya hewa.

Akishalala, daktari hufungua mdomo, hutoa donge kwa kibano butu au kijiti cha pamba kilicholowa, kisha huosha mfuko kwa maji ya chumvi ya vuguvugu au kloheksidini (dawa ya kuua vijidudu) iliyozimuliwa sana. Mwombe aoshe na kuukagua mfuko wa kushoto pia. Kama kuna jipu atalifungua na kulisafisha, na atachagua antibiotiki ambayo hamsta huivumilia. Enrofloksasini, au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, hutumika sana. Dawa ya maumivu, kwa kawaida meloksikamu, isisahaulike. Bila hiyo hamsta hataki kutafuna, na asipotafuna kwa siku mbili unapambana na njaa juu ya kidonda.

Kuna hali moja ambayo watu huiona na kuogopa: kitu chekundu au cha waridi, chenye unyevu, kinaning'inia kando ya mdomo kama ulimi wa pili. Huo ni mfuko wenyewe uliopinduka, kama mfuko wa suruali uliovutwa nje. Hutokea pale donge lililonata linapotolewa kwa nguvu, na mwenye nguvu hizo huwa ni mnyama mwenyewe au binadamu mwenye kibano. Usiukate, usiuvute, wala usiurudishe kwa kidole. Ondoa maranda na vumbi lote, mweke juu ya karatasi safi, ulowanishe mfuko kwa maji ya chumvi kila baada ya dakika chache, na uende kliniki saa hiyo hiyo. Ukiwa bado na rangi ya waridi hurudishwa na kushikwa kwa mshono mmoja, unaotolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Ukishakauka na kuwa mweusi, hukatwa. Hamsta huishi vizuri bila mfuko mmoja, ila atakuwa anabeba mzigo upande mmoja tu.

Kwa faida ya siku nyingine: ukiona shavu limejaa kwa saa chache tu, hakuna harufu, hakuna usaha, mnyama ni mchangamfu, unaweza kujaribu nyumbani, si zaidi ya mara mbili. Chemsha mililita 250 za maji, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa sawasawa bila kilima, uache yapoe hadi vuguvugu. Chukua bomba la sindano la mililita 1, sindano yenyewe ikiwa imetolewa. Mtu mmoja amshike kwa taulo, kichwa kikiwa chini kidogo ya mwili. Mwingine adondoshe matone mawili matatu pembeni mwa mdomo, upande wa uvimbe, kisha apapase kwa kidole gumba kuanzia nyuma ya shavu kuja mdomoni, mara tano au sita. Mwache amalize mwenyewe. Akikohoa, akitoa povu puani au akihangaika sana, acha. Hatari ya zoezi hili ni maji kuingia mapafuni, na mapafu ya mnyama wa gramu 120 hayana nafasi ya makosa. Jaribio la pili likishindwa, usifanye la tatu. Na usiingize kibano mdomoni kabisa.

Akirudi kutoka kliniki, loweka chakula chake cha vidonge kwa maji ya vuguvugu dakika kumi, kiwe teketeke na chenye majimaji. Kikikauka na kuwa cha kunata utakuwa umerudi ulikotoka. Hamsta mzima hula takriban gramu 10 kwa siku na kunywa mililita 10 hivi. Mpime kila jioni saa ile ile kwa wiki mbili. Fukua kiota chake na utoe akiba yote ya zamani, kwa sababu akipata nafuu kazi ya kwanza atakayofanya ni kuirudisha shavuni. Pamba tupa. Weka karatasi za shashi zisizo na manukato, zilizochanwa. Maranda ya fundi seremala mara nyingi hapa kwetu ni ya msaipresi, ambao harufu yake kali huwasha njia ya hewa, na kama mbao zilipakwa dawa ya mchwa hali ni mbaya zaidi. Tende, chapati na ugali, marufuku. Mbegu za alizeti, mtama na vipande vidogo vya karoti vinatosha kumfurahisha binti na mnyama wake.

Sasa uyoga.

Kitu ambacho hamsta amekiingiza shavuni bado hajakila. Anaweza kukata kipande cha uyoga Jumamosi, akakibeba kurudi tunduni, akakimwaga kwenye kiota na kukila Jumatatu. Kwa hiyo saa za "alipotoka nje" hazikuambii ni lini sumu iliingia tumboni. Mwambie daktari kwamba alikuwa penye uyoga, ili kinachotoka shavuni kitazamwe na kisitupwe, nawe ufukue kiota utafute vipande vilivyosinyaa vyenye rangi ya maziwa au kahawia. Ukivipata, viweke kwenye mfuko wa karatasi uende navyo.

Na usidharau kipande kidogo. Gramu 5 za uyoga kwa hamsta wa gramu 120 ni sawa na kilo 3 hivi kwa mtu wa kilo 70.

Dalili zinaweza kuchanganya, kwa kuwa mate hutoka katika hali zote mbili. Shida ya shavu hulowesha kidevu na upande mmoja, huku mnyama akibaki macho na kutembea sawa. Sumu hushika mwili mzima: kuhara, kutetemeka, kuyumba, macho yote mawili kutoa machozi, mwili kupoa, kulala bila kushtuka akiguswa. Ukiona hayo, usimpe maziwa, mafuta wala chumvi ili atapike, kwa sababu hawezi kutapika. Mweke kwenye joto na ukimbie kliniki. Huko anaweza kupewa mkaa maalumu na maji chini ya ngozi. Kwa uyoga wenye sumu ya ini, dalili huchelewa saa 6 hadi 24, na kutulia kwa mwanzo kusikudanganye.

Huo wenu ni uyoga gani? Mweupe, mkubwa, kwenye nyasi za mjini baada ya mvua, katika nchi za joto: wa kwanza kushukiwa ni Chlorophyllum molybdites. Ukichipuka ni kama mpira juu ya kijiti, kisha kofia hufunguka hadi sentimita 10, 20 au hata 30, nyeupe yenye magamba ya kahawia yaliyosongamana katikati. Shina lina pete inayoweza kusogezwa juu na chini kwa vidole. Mara nyingi huota kwa duara. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba kama kurasa za kitabu, na hizo kurasa hubaki nyeupe kwa muda mrefu, kisha huwa kijani-kijivu unapokomaa. Ndiyo maana ukiwa mchanga hudanganya hata watu wanaojua uyoga. Mtu akiula, kwa kawaida baada ya saa 1 hadi 3 huanza kutapika na kuhara kwa nguvu.

Usihukumu kwa picha wala kwa maneno yangu, pima kwa spora, yaani vumbi la mbegu linalodondoka chini ya kofia. Kata shina karibu na kofia iliyofunguka, ilaze kofia kurasa zikitazama chini juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, ifunike kwa bakuli la kioo, uiache usiku kucha. Asubuhi inua wima bila kuburuta. Vumbi la kijani lililofifia linathibitisha Chlorophyllum molybdites. Kahawia ya chokoleti ni jamii ya Agaricus, uyoga wa dukani na ndugu zake, ambao baadhi yao pia hudhuru tumbo. Waridi huonekana kwa uyoga wa kichuguu, Termitomyces, lakini huo ukiuchimba utaona shina limeendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu kuelekea kwenye mchwa, na juu ya kofia kuna ncha. Nyeupe inaweza kuwa mambo mengi, pamoja na Amanita, jamii yenye uyoga unaoua, kwa hiyo chimba usiukate, uone kama chini ya shina kuna kikombe cha utando. Karatasi isipotoa kitu, uyoga ulikuwa mchanga mno au mkavu. Rudia na mwingine.

Katika daftari andika tarehe, mvua ilinyesha siku ngapi kabla, na ulikoota: nyasi tupu, kinyesi, kisiki, chungu cha maua, au chini ya mti na ni mti gani. Amanita muscaria nyekundu yenye madoa meupe, kwa mfano, ilifika kwetu pamoja na misonobari, na huipati katikati ya nyasi zisizo na mti. Uyoga mdogo wa manjano angavu kwenye chungu cha maua huwa ni Leucocoprinus birnbaumii. Hauui ua, ila usiliwe. Piga picha juu, pembeni na chini ya kofia, na sarafu kando kwa kipimo. Kuushika hakudhuru, nawa tu mikono. Usiuonje. Sampuli hukaa kwenye mfuko wa kaki ndani ya jokofu, kwani kwenye plastiki huoza kwa siku moja na hakuna atakayeutambua.

Unalika? Huo wenu, usile. Wala vipimo vya nyumbani visikushawishi: kuchemsha na kijiko cha fedha, kitunguu kinachobadilika rangi, au kuona kuwa konokono ameula. Konokono hula Amanita asipate neno, na sumu zinazoua ini haziharibiki kwa moto.

Kuuondoa hakuhitaji dawa. Unachokiona ni tunda tu. Nyuzi za kuvu zenyewe zimo udongoni, zinalisha nyasi zenu kwa kuozesha mabaki, na dawa ya ukungu haizifikii huko vizuri, lakini inamfikia hamsta kupitia nyasi. Ng'oa kila asubuhi kabla kofia hazijafunguka, tia kwenye mfuko uliofungwa, usitupe kwenye mboji ambayo watoto au mbwa huifikia. Kama umejipanga kwenye mstari au kuzunguka sehemu moja, chimba: mara nyingi kuna mzizi au mbao iliyofukiwa. Mwagilia asubuhi badala ya jioni.

Hamsta mwenyewe asirudi kwenye nyasi hadi mvua hizi ziishe, hata akipona kesho. Akitaka kuchimba, mpe beseni lenye kina cha sentimita 20, lijae karatasi zilizochanwa, ndani ya nyumba. Pale mwewe wa Nairobi hatamfikia.